Ficha Mahali, Lakini Onyesha Njia: Filamu ya Mawimbi ya Baridi Ikitazamwa Karatu

Kuna filamu fupi inaitwa Under an Arctic Sky. Imeongozwa na mpigapicha Mmarekani Chris Burkard, ikatoka mwaka 2017. Kwa ufupi ni hivi: kundi la vijana linakwenda kaskazini mwa Aisilandi katikati ya majira ya baridi, kutafuta mawimbi mazuri ya kuteleza kwa ubao mahali ambapo wachache sana wamewahi kujaribu. Dhoruba kubwa inawakuta, mpango wa boti unavurugika, wanahamia barabarani kwenye theluji, na mwishowe wanateleza usiku chini ya nuru za kijani za kaskazini.

Niliitazama nyumbani Karatu, likizo ya Juni, pamoja na mdogo wangu wa kidato cha tatu. Tulikuwa tumejifunika blanketi, maana kama wewe ni mwenyeji unaijua Juni ya Karatu ilivyo. Ilipoisha akaniuliza swali moja tu: "Sasa kaka, walijuaje kama mawimbi yako pale?"

Nikafungua mdomo, nikagundua filamu haijanipa jibu. Ndiyo maana leo, badala ya makala yetu ya kawaida, nakuletea uhakiki.

Nianze na haki yake. Picha ni nzuri kweli. Baridi unaiona kwenye nyuso za watu. Maji ya kule wakati huo wa mwaka huwa nyuzi chache tu juu ya sifuri, na mwanga wa mchana ni wa saa chache. Filamu haifichi kwamba safari karibu ishindikane, na hilo ni jambo la heshima. Filamu nyingi za namna hii zinakuonyesha ushindi tu. Hii inakuonyesha watu wakigeuza njia kwa sababu anga imekataa. Mtafiti yeyote aliyewahi kurudi kutoka uwandani mikono mitupu ataielewa.

Tatizo langu ni kwamba, kwa macho yangu, dhoruba imepewa nafasi kubwa na wimbi limepewa ndogo. Unatoka ukiamini kwamba kilichowafikisha ni ujasiri, uvumilivu na bahati kidogo. Kumbe kabla ya ujasiri kulikuwa na kusoma. Hebu tulijibu swali la dogo, taratibu.

Kwanza, wimbi kubwa halizaliwi ufukweni. Linazaliwa mbali, upepo unapokokota uso wa bahari. Ukubwa wake unategemea mambo matatu: nguvu ya upepo, muda uliovuma, na urefu wa maji ya wazi uliyopita juu yake. Likikosekana moja, hupati kitu. Nenda Ziwa Eyasi mchana upepo ukiwa mkali. Utakula vumbi mpaka kwenye meno, lakini ziwa lenyewe linatoa vijiwimbi tu, maana kina ni kidogo sana na uwanja wa upepo ni mfupi. Atlantiki ya Kaskazini ina vyote vitatu, hasa wakati wa baridi.

Pili, wimbi linasafiri, na safari yake inahesabika. Chukua mawimbi ambayo kutoka kilele kimoja kupita hadi kingine kupita ni sekunde 16. Katika maji ya kina kirefu, urefu wa wimbi kama hilo ni karibu mita 400, na kilele chake kinakimbia karibu kilomita 90 kwa saa. Lakini kundi zima, yaani ile nishati yenyewe, linakwenda nusu ya hapo, kama kilomita 45 kwa saa. Ni mwendo wa Noah iliyojaza abiria na dereva asiye na haraka, ile inayotumia zaidi ya saa tatu Arusha mpaka Karatu. Kwa hiyo dhoruba iliyo kilomita 1,080 kutoka pwani itakuletea mawimbi hayo baada ya takriban saa 24. Hakuna uganga hapo. Ukiwa na ramani ya hali ya hewa na kalamu, unaweza kusema "kesho jioni" kabla maji hayajatikisika.

Tatu, sakafu ya bahari ndiyo inayoamua. Wimbi la mita 400 linaanza kugusa chini pale kina kinapofika kama mita 200, nusu ya urefu wake. Hapo linapunguza mwendo, linapinda kufuata umbo la sakafu, linajikusanya kwenye rasi na kutawanyika ndani ya ghuba. Likifika mahali ambapo kina kimekaribia kimo chake, linavunjika. Kama kimo ni mita 2, tegemea livunjike kwenye kina cha mita 2.5 hivi. Sakafu ikiinuka polepole, linabomoka kwa upole. Ikiinuka ghafla, linajikunja na kupiga. Ongeza upepo mwepesi unaotoka nchi kavu kwenda baharini, ule unaosimamisha uso wa wimbi, na hapo umepata sehemu.

Kwa hiyo jibu la "walijuaje" ni kwamba mtafutaji anaanza na ramani ya kina cha bahari, anaangalia ghuba ipi inatazama upande wa dhoruba, kisha anasubiri. Wavuvi wetu wa pwani wanasoma kitabu hichohicho kwa nia tofauti. Wanajua mwamba unapokatika na kuacha mlango, wimbi halivunjiki, kwa hiyo ngalawa inapita. Wanajua bamvua inabadilisha nini na kusi linabadilisha nini.

Dogo akasikiliza yote, halafu akasema kitu kilichoniuma: "Basi hiyo sayansi ni ya watu wa bahari. Sisi huku hatuna."

Hapo ndipo ninapoidai filamu zaidi. Ukionyesha safari bila kuonyesha usomaji, mtazamaji wa Karatu anabaki na kitu kimoja tu cha kutamani: boti, kamera na nauli ya ndege. Ukimwonyesha usomaji, anaweza kuanza kesho asubuhi nje ya mlango wake.

Mfano upo. Karibu na Oldupai kuna tuta la mchanga mweusi, lile ambalo waongoza watalii wanaliita mchanga unaohama. Limeundwa na majivu ya volkano yanayohusishwa na Oldoinyo Lengai, yana madini ya chuma, ukisogeza sumaku yananasa. Lina umbo la mwezi mwandamo, kimo kama mita 9, na linasogea kuelekea magharibi takriban mita 17 kwa mwaka. Zipo alama zenye miaka zinazoonyesha lilipokuwa zamani. Upande unaopokea upepo ni mteremko mlaini. Upande wa pili ni mkali, na mchanga unaporomoka. Pembe zake mbili zinaelekea uendako upepo. Yaani hata siku isiyo na upepo kabisa, mwanafunzi akisimama pale anaweza kukuambia upepo wa kawaida unatoka wapi.

Sasa tahadhari, maana mimi pia sitaki kukudanganya kwa mfano mzuri. Tuta si wimbi la bahari. Kwenye bahari nishati inasafiri, maji yenyewe yanazunguka na kubaki karibu palepale. Kwenye tuta mchanga wenyewe unasafiri, chembe kwa chembe. Kinachofanana ni usomaji: umbo linakwambia nguvu iliyolitengeneza.

Na usomaji huohuo unaeleza kwa nini Karatu ni kijani na Oldupai ni vumbi. Upepo wenye unyevu kutoka mashariki unapanda nyanda za juu za Ngorongoro, unapoa, unaacha ukungu na mvua kwenye msitu wa upande wetu. Ukishuka upande wa pili umeshakauka. Ule ukungu unaokusumbua asubuhi pale geti la Loduare ni sentensi katika kitabu hicho.

Wapo watakaoitetea filamu: watelezaji hawataji sehemu zao, kwa sababu wakitaja leo, kesho kuna umati. Hoja hiyo naikubali nusu. Hata kwetu, hakuna mwenye akili anayetangaza faru mweusi wa kreta amelala wapi leo. Nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka 1978 na kikosi cha Mary Leakey, zilifunikwa tena kwa udongo ili zisiharibike. Lakini angalia tofauti. Nyayo zimefunikwa, ila njia iliyotumika kuzisoma na kuzikadiria umri wa miaka milioni 3.6 imechapishwa wazi, yeyote anaweza kuipinga. Siri ya mahali inalinda mahali. Siri ya njia inamlinda nani?

Kuna jambo la mwisho. Sehemu ya kwanza waliyoilenga ni Hornstrandir, na mimi nilitoka kwenye filamu nikiiona kama nchi isiyowahi kuwa na mtu. Baadaye nikasoma kwamba watu waliishi pale kwa vizazi, wakaondoka wenyewe kwa sababu maisha yalikuwa magumu, wa mwisho miaka ya 1950. Hifadhi ilitangazwa 1975. Sisi wa huku tuna sikio kwa habari ya namna hii, hata kama mambo hayafanani. Mwaka 1959 Wamaasai walihamishwa kutoka Serengeti, wakaja Hifadhi ya Ngorongoro iliyoanzishwa mwaka huohuo. Na hata jina Olduvai lilitokana na mgeni kusikia vibaya Oldupai, jina la Kimaasai la mkonge pori. Mahali pakiitwa "pa mbali", uliza pako mbali na nani. Kundi la Burkard lilikuwa na Mwaisilandi, Heiðar Logi Elíasson, na ningefurahi kumsikia zaidi akieleza anavyoisoma pwani ya kwao.

Hukumu yangu? Itazame. Ni nzuri, na baridi yake ni ya kweli. Ila itazame ukiwa na karatasi, na kila wanapobadilisha njia isimamishe ujiulize: upepo unatoka wapi, ghuba inatazama wapi, chini kuna nini? Tulipoirudia hivyo, dogo aliisimamisha mara nyingi sana, tukalala saa saba usiku. Kesho yake asubuhi alikuwa nje na blanketi lake, anaangalia ukungu unavyoshuka kutoka msituni, anajaribu kukadiria mwendo wake kwa kuhesabu miti.