Namna ya Kukitambua Kiwanja Bora cha Watoto

Ukipelekwa kuoneshwa kiwanja kipya cha kuchezea, usianze na bembea. Bembea na rangi ndivyo vinavyopigwa picha siku ya uzinduzi, na mkandarasi yeyote mwenye katalogi anaweza kuviagiza. Anza na kando: ukingo wa shimo la mchanga, ngazi, ukuta mfupi, kivuli cha mti, mahali ambapo mtu mzima angejiegemeza. Hapo ndipo utakapojua kama mbunifu alimfikiria mtu au alijaza eneo tu. Kiwanja bora humwachia mtu jambo la kukamilisha mwenyewe, na kando ndizo zinazosema mapema kama jambo hilo limeachwa.

Mfano wa kujifunzia uko Amsterdam. Mwaka 1947, Uholanzi ikiwa bado inajiinua kutoka vitani, msanifu kijana Aldo van Eyck, aliyeajiriwa na idara ya ujenzi ya jiji, alipewa uwanja mdogo wa Bertelmanplein atengeneze mahali pa watoto. Akachimba shimo la mchanga na kulizungushia ukingo wa zege, mnene, mpana, wa kimo cha chini. Ndani ya shimo akaweka mawe manne ya mviringo na vyuma vya kukwea. Pembeni kidogo akasimamisha vyuma vitatu vya kupindukia, kisha miti na mabenchi. Basi.

Ukingo ule ndio wa kuutazama. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu huushika ili asimame. Wa miaka minne huufanya meza, akaumwagia mchanga na kusonga ugali. Wa miaka tisa hutembea juu yake mikono imetanuliwa, akimruka mpishi bila kumharibia chakula. Bibi yao ameukalia, miguu imefika chini. Zege ni lile lile, watu wanne wana kazi nne, na hakuna kibao kinachomwelekeza yeyote. Kufikia 1978 van Eyck alikuwa amebuni viwanja zaidi ya 700 katika jiji hilo, vingi vikiwa kwenye mapengo yaliyobaki kati ya nyumba, na vingi bila uzio. Hakutaka tembo wa chuma wala vitu vyenye sura za wanyama, kwa sababu tembo ni tembo daima, lakini kuba la vyuma leo ni nyumba, kesho meli, keshokutwa mahali pa kukaa na kupiga soga.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kuhesabu matumizi. Chagua kifaa kimoja, kaa nusu saa, uone watoto wanakifanyia nini. Mtelezo wa plastiki wenye sura ya kasri mara nyingi una tumizi moja, na watoto wakishalichoka huanza kuupanda kwa upande wa kutelezea. Walezi huwakemea. Mimi huona hapo watoto wanamsahihisha mbunifu, na wana haki.

Sisi watu wa pwani tuna shule yetu ya jambo hili, nayo ni baraza. Pita vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja au vya Lamu: baraza ni sehemu ya ukuta wa nyumba, lakini iko nje, na anayepita anaikalia bila kuomba. Hapo mgeni hupokewa bila kuingizwa ndani, bao huchezwa, kahawa hunywewa, samaki huuzwa, na watoto huruka kutoka baraza hii hadi ile. Mvua kubwa ikinyesha na njia ikajaa maji, watu hupita juu yake. Pale Jaws Corner, katika Mji Mkongwe huo wa Unguja, wanaume hushinda wakicheza domino na kubishana siasa, na kinachowaweka si kitu kingine ila baraza zinazotazamana kwa umbali ambao sauti ya kawaida inafika.

Baraza njema utaijua kwa kiganja. Pitisha mkono pembeni mwake. Mwashi aliyejua kazi ameizungusha pembe kwa lipu ya chokaa hadi ikawa laini, isimkwaruze anayekaa wala kumpasua mtoto kichwa. Aliyeharakisha ameacha ncha ya saruji iliyo kali, na baada ya miaka michache itakuwa imemeguka. Kisha kaa. Miguu ifike chini, mgongo upate ukuta, na ukuta wa mbele ukupe kivuli sehemu kubwa ya siku. Vipimo hivyo vitatu havitaki rula.

Joto huwashinda wabunifu wengi wa kwetu kwa sababu michoro huchorwa ofisini penye kiyoyozi. Mtelezo wa bati unaotazama jua la mchana hauna maana Dar es Salaam wala Mombasa. Mtoto atauteleza mara moja, aungue mapaja, asirudi. Mikeka myeusi ya mpira, inayotandikwa ili kupunguza maumivu ya kuanguka, nayo hupata moto kuliko mchanga ulio chini ya mti. Kikague kiwanja saa saba mchana, peku. Nyayo zikishindwa, kiwanja kimeshindwa, hata kama kimeshinda tuzo. Peku utagundua na jambo jingine: kama ardhi inabadilika. Mahali penye mchanga hapa, jiwe laini pale, nyasi, kisha mbao zinazolia zikikanyagwa, mwili hupata habari kila hatua. Zege tupu kutoka ukuta hadi ukuta halisemi lolote.

Kuhusu sanaa, kipimo changu ni kikali. Jiulize: watoto wakiondoka, kazi hii inapungukiwa? Mchoro wa ukutani, uwe mzuri namna gani, hubaki ulivyo. Wapo wasanii waliokwenda mbali zaidi, na aliye mbele yao wote machoni pangu ni Toshiko Horiuchi MacAdam wa Japani. Alikuwa akifuma sanamu kubwa za nyuzi za kuning'inizwa katika majumba ya maonesho. Siku moja watoto wawili waliingia ndani ya kazi yake na kuanza kuning'inia, naye akaona kazi imeamka. Tangu hapo akaanza kuwafumia watoto. Katika makumbusho ya wazi ya Hakone, wavu wake wa nailoni, uliotiwa rangi na kufumwa kwa mkono, umetundikwa ndani ya jengo la magogo lililobuniwa na Tezuka Architects mwaka 2009, magogo yaliyofungamana bila vyuma vya kuungia.

Sifa ya wavu huo iko katika mwendo. Mtoto mmoja akiruka upande huu, wimbi hupita katika nyuzi na kumtikisa mwingine aliye upande wa pili, ambaye hamjui. Huyo naye hujibu. Dakika chache baadaye wanacheza pamoja, na hakuna mtu mzima aliyewatambulisha. Hiyo ndiyo jamii, imefumwa ndani ya kitu chenyewe. Haikuongezwa baadaye kwa hotuba. Ukipata kukagua kazi ya aina hiyo, usipoteze muda katikati ya wavu. Tazama ncha, pale kamba inapokutana na nguzo. Kamba huliwa hapo kwanza, na fundi mwangalifu ameweka kinga hapo na kuhakikisha kamba inaweza kubadilishwa bila kubomoa wavu mzima.

Rangi nayo ina mtihani wake. Bustani ya Superkilen ya Copenhagen, iliyofunguliwa 2012, ilisifiwa dunia nzima kwa uwanja wake mwekundu. Wazo lake la msingi nalipenda: mtaa wenye watu wa mataifa zaidi ya 60, na wakazi wakaulizwa ni vitu gani viletwe kutoka walikotoka, ndipo pakawa na chemchemi ya Moroko na ulingo wa ndondi wa Thailand. Lakini ile sakafu nyekundu ilipauka, na ilipolowa ikateleza. Rangi ya kiwanja isihukumiwe siku ya kwanza. Ihukumiwe baada ya masika mawili.

Watu wengi wakisikia kiwanja salama hufikiri kiwanja kisicho na hatari. Hapo pana kosa. Mwaka 1943, Denmark ikiwa chini ya Wajerumani, mbunifu wa bustani C. Th. Sørensen aliona watoto wanapenda vifusi na mabaki ya ujenzi kuliko viwanja alivyowachorea yeye, na pale Emdrup, Copenhagen, pakafunguliwa kiwanja cha mbao chakavu, matofali na nyundo. Watoto walijijengea wenyewe, mtu mzima mmoja akiwaangalia. Hatari inayoonekana, kama kimo cha mti, mtoto huipima kwa macho kabla ya kupanda. Mbaya ni mtego: boliti iliyochomoza, msingi wa zege uliofichuka baada ya mchanga kuondoka, tundu linalomeza kichwa. Mwongozo wa usalama wa Marekani huhesabu uwazi unaozidi milimita 89 na usiofika 229 kuwa hatari, kwa sababu mwili wa mtoto unaweza kupita ukitanguliza miguu, kichwa kikanasa. Nenda na futi kamba. Pima nafasi kati ya vyuma vya ngazi na kati ya mbao za kizuizi. Katika ukaguzi wote, hapa ndipo mahali pekee nisipokubali mjadala wa ladha.

Ardhi yenyewe pia ni kifaa, na ni cha bei nafuu kuliko vyote. Mchongaji Isamu Noguchi alibuni mlima wa kuchezea kwa ajili ya New York mwaka 1933, na Robert Moses, mkuu wa bustani za jiji hilo, akaukataa. Wazo hilo lilipata mwili Sapporo, Japani, katika bustani ya Moerenuma iliyojengwa juu ya jalala la zamani na kufunguliwa rasmi 2005, takriban miaka 17 baada ya Noguchi kufariki. Shule yenye jembe, udongo na nyasi inaweza kuwa na kilima.

Kisha uliza historia: kabla ya kiwanja, hapa palikuwa na nini? Msanifu Lina Bo Bardi alipopewa kiwanda kikuukuu cha mapipa huko São Paulo mwaka 1977, alikuta familia tayari zinapumzika humo, watoto wanakimbia, nyama inachomwa. Hakubomoa. Kituo cha SESC Pompéia alichokikamilisha 1986 kilijengwa kuyalinda yale aliyoyakuta, na ndani ya ukumbi akapitisha kijito cha maji kati ya mawe ambacho watoto huchezea pembeni yake. Ukisikia kwamba palikuwa na muembe ambao watoto walichezea chini yake, na umekatwa ili kusimamisha paa la kivuli, umekwisha kupata jibu lako.

Uliza pia nani ana ufunguo na nani hununua boliti ikipotea. Kibera, jijini Nairobi, viwanja vilivyobuniwa na shirika la Kounkuey Design Initiative pamoja na wakazi vimekabidhiwa vikundi vya mtaa, vinavyovitunza na kuendesha humo huduma kama maji na vyoo. Gando, Burkina Faso, shule ya msanifu Francis Kéré iliyokamilika 2001 ilijengwa na wanakijiji: watoto walibeba mawe ya msingi, na wanawake waliitwanga sakafu ya udongo hadi ikawa laini. Ufa ukitokea, aliyeitwanga anajua la kufanya. Kiwanja kilicholetwa kwenye kontena na kufungwa na mafundi waliokwisha kuondoka, hata kiwe kizuri kiasi gani, husubiri spea ambayo haiji.

Wewe mjumbe wa kamati ya shule au wa serikali ya mtaa, unayeletewa hati ya makabidhiano katikati ya ngoma na hotuba: usisaini siku hiyo. Rudi saa saba mchana na futi kamba, ukiwa na watoto wa rika mbalimbali na bibi mmoja, mkandarasi akiwepo, na umdai akuoneshe kwa maandishi fedha za matengenezo ya mwaka wa pili. Akikuonesha, na bibi akapata pa kukaa bila kutafutiwa kiti, saini.