Udongo Kwanza, Mapambo Baadaye: Namna ya Kupima Ubora wa Kizimba cha Tarantula

Kizimba cha tarantula hupimwa kwa udongo wake kabla ya kitu kingine chochote. Mapambo humvutia mnunuzi, lakini buibui mchimbaji hana haja na mandhari. Anataka udongo unaochimbika na kubaki umesimama ukishachimbwa. Mfano mzuri ni Pelinobius muticus, tarantula wa rangi ya kutu wa nyika za Kenya na Tanzania, aliyepewa jina la kisayansi na Karsch mwaka 1885. Jike la aina hii hukua polepole, huishi miaka mingi, na karibu umri wake wote huupitisha shimoni. Kama tarantula wengine wa Afrika, hana zile nywele za kuwasha ambazo jamaa zake wengi wa Amerika humrushia adui. Kinga yake ya kwanza ni shimo, ya pili ni meno. Anayemfuga bila kumpa shimo amemwachia meno peke yake, kisha hulalamika kwamba buibui wake ni mkali.

Kwa hiyo swali la kwanza la mjuzi ni hili: ukuta wa shimo utasimama? Wafugaji wengi hutandika vumbi la makumbi ya nazi, na sifa zake ni za kweli: ni jepesi, hushika maji, na halina wadudu wengi. Lakini likikauka huwa tifutifu mno, na njia iliyochimbwa ndani yake huporomoka. Ukilimwagia maji kila mara ili lishikamane, unakaribisha ukungu na kumlazimisha mnyama wa nyika kavu kuishi kwenye majimaji. Mchanganyiko ulio bora una udongo wa kawaida usio na mbolea wala dawa kwa sehemu kubwa, mfinyanzi wa kuushikamanisha na mchanga kidogo. Makumbi yawe nyongeza tu. Upime kwa mkono. Lowesha kidogo, chukua konzi moja, ukamue. Maji yakichuruzika, umezidisha. Donge likisambaratika ukifungua vidole, mfinyanzi haujatosha. Likibaki na umbo la kiganja, shindilia udongo huo kwenye ndoo, toboa shimo la mshazari kwa mpini wa jembe, uuache ukauke kwa siku kadhaa. Shimo likisimama likiwa kavu, udongo umefaulu.

Kina nacho ni sehemu ya ubora. Kwa jike aliyekomaa, sentimita 30 ni mwanzo wa heshima, zikijazwa tabaka kwa tabaka na kushindiliwa. Kina hicho kina faida nyingine: hupunguza nafasi kati ya udongo na kifuniko. Tumbo la tarantula ni laini, na anguko kutoka juu ya kioo laweza kulipasua na kumuua. Mapambo nayo yapimwe kwa kigezo hichohicho cha usalama na kazi. Gome lililopinda, likizikwa nusu juu ya tundu la kuanzia, lina kazi. Jiwe zito lililowekwa juu ya udongo ni hatari, maana buibui atachimba chini yake na litamwangukia. Kama ni lazima liwepo, likalie sakafu ya kizimba chenyewe. Kokoto zenye ncha, mimea ya miiba na randa za mbao zenye mafuta ya kunukia, kama mwerezi, zikataliwe moja kwa moja.

Wapo watakaosema kwamba udongo mwingi humficha mnyama waliyemnunua ili wamtazame. Hoja hiyo inaeleweka, lakini tarantula mchimbaji anayezurura juu mchana kutwa mara nyingi anatafuta mahali pa kujificha. Anzisha tundu karibu na kioo, uwe na subira. Usiku huja mlangoni kuvizia. Wengine watasema udongo wa shamba huleta wadudu. Ni kweli, ndiyo maana uchukuliwe pasipopulizwa dawa, upashwe moto, kisha upoe kabla ya kutumika. Na wapo wenye buibui walioishi miaka juu ya tandiko jembamba la makumbi. Kuishi kunathibitisha kwamba mnyama ni mvumilivu, hakuthibitishi kwamba kizimba ni kizuri. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba si tarantula wote huchimba: Stromatopelma calceatum wa Afrika Magharibi hukaa mitini, na kwake gome lililosimama wima ndilo hutangulia, udongo hufuata. Hilo halivunji kanuni, linaifafanua: kianze kile ambacho buibui huyo hukigeuza kuwa makazi.

Kwa mchimbaji, basi, fedha ya kwanza iende kwenye udongo na kina chake. Hukumu ya mwisho itolewe baada ya miezi michache, kwa kuangalia mdomo wa shimo: kama kuna kichuguu cha udongo uliotolewa ndani, utando uliotandazwa ukutani na njia ambayo haijaporomoka, kizimba hicho kimetengenezwa na fundi anayemjua mnyama wake.