Harufu ya Mti kwa Mshahara wa Mwalimu

Vijana wa Kayanga huyabeza manukato ya Brut kwamba ni ya wazee. Naam, yana umri: kampuni ya Fabergé iliyatoa mwaka 1964, katika chupa ya kijani yenye nishani shingoni. Lakini uzee si kasoro, nami nitayatetea, ingawa si kwa yote.

Mwanzo wake siupendi. Lavenda huruka puani kama sabuni ya kinyozi, na spiriti nayo haijifichi. Subiri nusu saa, msomaji. Utamu hutulia, ikabaki harufu kavu ya msandali, jirani na ile ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa. Mwalimu akiinama kusahihisha daftari, mwanafunzi aliye karibu ataisikia. Wa dawati la nyuma hatajua lolote. Kipimo hicho ndicho nilichowapa walimu wanagenzi chuoni.

Wapo wanaodai manukato ya kweli yawe na mafuta halisi ya msandali. Hao na watazame gharama yake. Msandali wetu wa Afrika Mashariki hung'olewa pamoja na mizizi, maana mafuta yamo humo pia. Mwaka 2013 ule wa Tanzania na wa majirani zetu uliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Manukato ya bei nafuu aghalabu hupata harufu hiyo maabara. Waiite bandia wapendavyo. Mlima haukuachiwa shimo.

Mchana wa jua kali, matone mawili yatosha. Jioni za baridi huku Kyerwa, ongeza la tatu.