Seva 70 ndani ya mashine moja: hesabu ilivyopigwa

Mwishoni mwa mwaka 2000, kampuni ya simu ya Telia nchini Sweden ilitangaza kwamba seva zake 70 za Unix, zilizotengenezwa na Sun, zingeondolewa na kazi zake kuhamishiwa kwenye mashine moja tu: meinfremu ya IBM aina ya S/390, ikiendesha Linux. Tangazo hilo lilikwenda kinyume na ushauri uliokuwa umetawala fani nzima kwa miaka mingi. Wataalamu walikuwa wakisema ondoa meinfremu, nunua seva ndogondogo, kila programu ipewe seva yake.

Wengi waliosikia habari hiyo walidhani siri ni kasi. Sivyo. Prosesa ya meinfremu ya wakati ule haikuishinda kwa kasi prosesa nzuri ya seva ya kawaida. Akiba ilitoka kwenye muda ambao seva zilikuwa zimewashwa bila kufanya kazi. Asiyelielewa hilo anaweza kuiga mradi kama huu hatua kwa hatua na bado akapata hasara.

Hesabu ya kukaa bure

Chukua mfano wa ofisi yenye seva 40, kila moja ikiwa na prosesa 4. Jumla ni prosesa 160. Kila seva ilinunuliwa kwa kukadiria saa yenye msongamano mkubwa kuliko zote, kwa hiyo muda mwingi inatumia asilimia 5 tu ya uwezo wake. Kazi halisi inayofanyika hapo, kwa wastani, ni ya prosesa 8. Lakini umeme, viyoyozi, nafasi na mikataba ya matengenezo vinalipiwa kwa 160. Zaidi ya hayo, kama hifadhidata yako inatozwa leseni kwa idadi ya prosesa, nayo unailipia 160.

Seva hizo hazipati msongamano kwa wakati mmoja. Mfumo wa mishahara unahemewa mwisho wa mwezi, barua pepe asubuhi, ripoti usiku wa manane. Zikichangia prosesa zilezile, hata ukitenga mara tatu ya wastani unahitaji 24. Mara nyingi tofauti kati ya leseni 160 na leseni 24 huwa kubwa kuliko bei ya vifaa vyenyewe.

IBM iliiona hesabu hii, na mwaka 2000 ikaleta prosesa iliyoitwa IFL. Kwa umbo ni prosesa ileile ya meinfremu, ila imefungwa ili iendeshe peke yake Linux na z/VM, programu ya IBM inayogawa mashine moja kuwa mashine pepe nyingi. Iliuzwa kwa bei ndogo zaidi, na haikuhesabiwa katika ada za programu za zamani za meinfremu. Bila uamuzi huo wa kibiashara, hesabu nzuri ya kiufundi ingeishia kwenye karatasi.

Kufundisha Linux kulala

Wahandisi wa maabara ya IBM ya Böblingen, Ujerumani, walitoa msimbo wa Linux kwa S/390 mwezi Desemba 1999. Kazi ya kugawa mashine moja kuwa mashine pepe nyingi ilikuwa imekwisha kukomaa: VM/370, babu wa z/VM, ilitangazwa mwaka 1972. Mwaka 2000 mhandisi David Boyes aliwasha nakala 41,400 za Linux katika sehemu ya S/390 moja kabla rasilimali hazijamwishia.

Hata hivyo, kuwasha nakala ni jambo moja, na kuzifanya zikae kimya ni jambo jingine. Kiini cha Linux kilikuwa na saa iliyokiamsha mara 100 kila sekunde kukagua kama kuna kazi. Kwenye seva inayojitegemea hakuna aliyelijali hilo, kwa kuwa prosesa ilikuwa imekaa tu. Weka sasa nakala 1,000 ndani ya mashine moja: unapata miamsho 100,000 kila sekunde, na hakuna hata mteja mmoja aliyehudumiwa. Tena z/VM, ikiona nakala inaamka kila mara, iliihesabu kuwa ina shughuli na haikuthubutu kuipokonya kumbukumbu.

Mwaka 2001 Martin Schwidefsky wa Böblingen aliandika kiraka kilichobadili utaratibu huo: nakala isiyo na kazi husimamisha saa yake mpaka pawe na sababu ya kuamka. Wazo kama hilo liliingia kwa upande wa kompyuta za kawaida katika Linux 2.6.21, mwaka 2007, na kusaidia betri za kompyuta mpakato.

Kumbukumbu nayo ilidai nidhamu. Linux hutwaa kumbukumbu yote iliyo wazi ili kuhifadhi mafaili iliyoyasoma. Aliyehamisha seva na kuipa kumbukumbu ileile ya zamani aliijaza meinfremu kwa mafaili ambayo hayakuhitajika. Waliofanikiwa waliipunguza kidogo kidogo, nakala baada ya nakala, mpaka ikabaki inayotosha kazi.

Namba moja inayogeuka milioni 16

Programu za Java zilihama kwa urahisi. Zilizoandikwa kwa C zilitakiwa kukompailiwa upya, na hapo ndipo makosa yaliyojificha yalipojitokeza. Prosesa za Intel huandika namba zikianza na baiti ndogo. Za meinfremu huanza na baiti kubwa. Namba 1 katika baiti nne, kwa Intel, ni 01 00 00 00. Faili hilohilo likisomwa na programu ya C kwenye meinfremu bila kugeuza mpangilio, namba inakuwa 16,777,216. Programu haisimami wala haitoi onyo, inaendelea tu na hesabu potofu. Ndiyo maana timu makini zilihamisha data kwa njia ya maandishi au kwa zana za hifadhidata yenyewe, kisha zikalinganisha jumla za pande zote mbili kabla ya kuzima seva ya zamani.

Uimara, na mpaka wake

Katika S/390 za kizazi cha G5 na G6, kila amri ilitekelezwa na vitengo viwili kwa pamoja na majibu yakalinganishwa. Yakitofautiana, amri inarudiwa. Hitilafu ikiendelea, hali ya kazi inahamishiwa kwenye prosesa ya akiba, na programu inaendelea bila kujua kilichotokea.

Ulinzi huo ni wa vifaa. Programu yenye kosa itaanguka kwenye meinfremu kama inavyoanguka kwenye seva ya bei rahisi. Na huduma 70 zikiwa chini ya paa moja, mashine ya pili mahali pengine ni ya lazima, na gharama yake iingie kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Kipi kihame, kipi kibaki

Agosti 2007 IBM yenyewe ilitangaza mpango wa kuhamisha kazi za seva zake zipatazo 3,900 kwenye meinfremu takribani 30 za Linux, ikikadiria kupunguza matumizi ya umeme kwa asilimia 80. Hesabu ilikuwa ileile ya Telia, kwa kiwango kikubwa zaidi.

Lakini programu inayopiga hesabu mchana kutwa huku prosesa ikiwa kwenye asilimia 90 haina muda wa bure wa kugawana na wengine. Kuihamisha ni kununua prosesa ghali kwa kazi ambayo prosesa nafuu inaiweza. Programu inayouzwa kwa ajili ya Intel tu, bila msimbo wa kukompaili, nayo ibaki ilipo.

Tangu VMware ilipotoa ESX Server mwaka 2001, seva za kawaida nazo zimeweza kugawana prosesa. Kwa hiyo mlinganisho wa haki hauwi tena kati ya meinfremu na seva 70 zilizotawanyika, bali kati ya meinfremu na seva chache zilizokwisha kubanwa vizuri. Muuzaji anayeendelea kutumia mlinganisho wa zamani anakuuzia akiba ambayo ungeipata hata bila yeye.

Mkuu wa TEHAMA anayeletewa pendekezo la aina hii aanze na vipimo vya seva zake mwenyewe: matumizi ya prosesa saa kwa saa, kwa mwezi mzima, pamoja na siku za kufunga mahesabu. Vipimo hivyo vitamwambia leseni ngapi anazilipia bure, programu zipi zinaweza kukaa pamoja, na zipi zibaki zilipo. Bila hivyo, ataamua kwa kutegemea hesabu za muuzaji.