Gurudumu la Futi Nane

Mwaka 1906, katika karakana za reli za Swindon nchini Uingereza, injini mbili kongwe zilivunjwavunjwa zikawa chuma chakavu. Kosa lake lilikuwa kuchukua nafasi. Moja iliitwa North Star, na ndiyo iliyovuta treni ya kwanza ya Great Western Railway mwaka 1838. Ya pili iliitwa Lord of the Isles, yenye magurudumu ya kuendeshea yaliyosimama futi nane kutoka kwenye reli. Hiyo ilitazamwa na umati katika Maonyesho Makuu ya London ya 1851, kisha ikaenda kazini na kukimbia karibu maili 790,000 kwa boila ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Aliyeidhinisha zivunjwe ni George Jackson Churchward, mmoja wa wahandisi hodari kuliko wote waliopata kusanifu injini za mvuke. Hilo ndilo linaloniuma. Asiyejua thamani ya kitu akikivunja tunamsamehe, huyu alijua.

Miaka 19 baadaye Waingereza waliadhimisha miaka 100 ya reli ya Stockton na Darlington. North Star ikatakiwa kwenye maonyesho, nayo haikuwapo. Ikabidi waunde nyingine ya kuigiza, wakiokoteza vipande vya ile ya kweli vilivyonusurika huku na huku. Kwa upande wa Lord of the Isles yalisalia magurudumu yake makubwa, ambayo mpaka leo yanatunzwa Swindon. Mtu anaweza kwenda kuyatazama, lakini hayamzungushii chochote.

Nina mapenzi ya muda mrefu na injini hizi za mwanzo za abiria, na sababu yake si ukongwe. Ni kwamba zilikuwa hazifichi kitu. Kila kipande kilikuwa nje, machoni pa watu, na kila kipande kilikuwa na hoja yake. Mtoto aliyesimama pembeni mwa reli aliweza kuufuata mkono wa chuma kutoka kwenye silinda hadi kwenye gurudumu, akaelewa kwa macho yake mwenyewe kwa nini treni inakwenda.

Tuanze na moto, maana ndiko wepesi ulikoanzia. Injini za migodini za miaka ya 1820 ziliandaliwa kukokota makaa ya mawe, na nyingi zilikuwa na bomba moja pana lililopita ndani ya maji ya boila. Joto jingi lilitiririka humo likatokea dohani kabla maji hayajalifaidi. Henry Booth, katibu wa kampuni ya reli ya Liverpool na Manchester, mtu wa biashara na wala si fundi wa vyuma, akapendekeza bomba hilo ligawanywe liwe mengi membamba. Robert Stephenson akalichukua wazo hilo hadi karakana yake ya Newcastle, akaunda Rocket: mabomba 25 ya shaba nyekundu, kila moja upana wa inchi tatu, yakipita katikati ya maji. Kulitamka wazo hilo ni rahisi. Kazi yenyewe ilikuwa kukaza ncha 50 za mabomba kwenye bamba la chuma zisivuje chini ya kani ya mvuke, katika zama ambazo kipimo cha mwisho cha usahihi kilikuwa kidole cha fundi.

Lakini kinachonifurahisha zaidi ndani ya Rocket ni ile njia ya mvuke uliokwisha kazi. Mvuke ukishaisukuma pistoni, hauachiwi upotee hivi hivi. Unapelekwa dohani na kutolewa kwa kishindo kuelekea juu, na ukipanda unavuta hewa kupitia motoni, kama mama apepeavyo jiko la mkaa. Hapo ndipo penye akili. Injini ikikaza mwendo au ikipanda mlima, inatumia mvuke mwingi, pumzi inakuwa kali, na moto unavutwa uwake zaidi wakati ule ule joto linapohitajika. Ikitulia, moto nao unapoa. Hakuna anayeamuru. Stephenson hakuwa wa kwanza kuelekeza mvuke dohani, lakini hapa, pamoja na yale mabomba 25, kitendo hicho kilipata maana yake kamili. Na ule mlio ambao watoto wetu huuigiza wakicheza treni, ingawa wengi hawajawahi kuusikia, ndio pumzi hiyo ikitoka: mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu.

Mashindano ya injini ya Rainhill ya Oktoba 1829, yenye zawadi ya pauni 500, yameshaelezwa mno, nami sitayarudia kwa kirefu. Novelty ya Braithwaite na Ericsson ilipendwa na watazamaji ikaharibika. Sans Pareil ya Timothy Hackworth nayo ikashindwa kumaliza. Rocket ikamaliza, na katika mbio zake ilikaribia maili 30 kwa saa. Mwaka uliofuata tu Stephenson akatoa Planet, silinda zake zimelazwa chini ya dohani, na Rocket ikawa ya kizamani. Ikauzwa kwa wenye mgodi wa makaa kaskazini mwa Uingereza. Imesalia kwa bahati: mwaka 1862 ikapelekwa kwenye jumba la makumbusho London, ikiwa imebadilishwabadilishwa hata sura yake ya Rainhill haionekani vizuri.

Baada ya hapo likaja swali la haraka. Mizigo inataka nguvu, abiria anataka kufika. Pistoni za zama hizo hazikuweza kupelekwa mbio kupita kiasi bila kujiumiza, kwa hiyo wasanifu wakaongeza ukubwa wa gurudumu: pigo lile lile la pistoni, lakini njia ndefu zaidi chini ya treni. Gurudumu la futi nane likizunguka mara moja, injini imekwenda futi 25. Daniel Gooch aliyatumia magurudumu hayo kwenye reli pana ya Great Western tangu miaka ya 1840. Mwaka 1870, mjini Doncaster, Patrick Stirling akaunda injini Namba 1 ya Great Northern Railway, yenye jozi moja tu ya magurudumu ya kuendeshea, kimo cha futi nane na inchi moja.

Nimewahi kusikia watu wakisema mashine haiwezi kuwa nzuri, ni ya manufaa tu. Waitazame Namba 1, ambayo ipo bado mjini York. Mgongo wa boila umenyooka, hauna kuba. Silinda ziko nje, zimelala. Halafu lile gurudumu moja linapanda juu ya sakafu ya injini hadi ubavuni mwa boila, limefunikwa kwa ngao ya chuma iliyotobolewa matundu marefu, ili spoku zionekane zikipita. Hakuna fimbo za kuunganisha magurudumu, hakuna kelele za ziada. Stirling aliendelea kuziunda kwa miaka 25, zikafika 53, na zilipelekwa mbio kati ya London na York hadi mwisho wa karne.

Zilikuwa na udhaifu wake, na huo ndio unaonileta kwenye jambo lenyewe. Injini ya jozi moja ya magurudumu huteleza. Reli ikilowa umande, uzito ulio juu ya magurudumu yale mawili hautoshi kuyashikisha; yanazunguka mahali pamoja, mvuke unapotea, abiria wanatikiswa. Msanifu aliweka masanduku ya mchanga, na katika miaka ya 1880 ikapatikana njia ya kuupuliza mchanga chini ya gurudumu kwa mvuke. Zaidi ya hapo hakuwa na la kufanya. Yaliyobaki aliyaacha kwenye kiganja cha dereva, aliyeufungua mvuke nusu inchi, akasikiliza, akauziba kidogo kabla gurudumu halijaponyoka, akafungua tena. Nusu ya usanifu wa injini hizi haikuchorwa kwenye karatasi yoyote.

Fikiria maji. Kabla Mfaransa Henri Giffard hajavumbua injekta, kifaa cha kuingizia maji boilani, mwaka 1858, maji yaliingizwa kwenye boila kwa pampu zilizoendeshwa na mwendo wa injini yenyewe. Injini isiyotembea hainywi. Treni ikicheleweshwa stesheni na maji yakashuka kwenye kioo, dereva aliifungua injini kutoka kwenye mabehewa, akaipeleka mbele na nyuma kwenye njia ya kando hadi ishibe. Akichelewa, bati la juu ya moto linaachwa wazi na boila inaweza kulipuka. Mwaka 1828 injini iliyoitwa Locomotion ililipuka boila na kumuua dereva wake. Fikiria na breki: kwa miongo mingi zilikuwa kwenye tenda, behewa la makaa na maji nyuma ya injini, na kwenye behewa la gadi tu. Dereva alipiga honi kumwomba gadi akaze yake, na mahali pa kusimama alipaamua mapema mno, gizani, kwa mlio wa daraja alilolivuka au harufu ya shamba analolijua. Breki za treni nzima ya abiria zililazimishwa kwa sheria baada tu ya ajali ya treni ya Armagh ya 1889. Na haya yote aliyafanya akiwa amesimama mvuani, maana injini za mwanzo hazikuwa na kibanda.

Nyuma yake alisimama mchochea moto. Wengi humwona mbeba sepetu. Kumbe yeye ndiye aliyejua kwamba moto haumwagiwi makaa rundo moja, unatandazwa. Kwamba makaa hutupwa kabla ya mlima, si mlimani. Na kwamba rangi ya moshi dohani humweleza kama hewa imezidi au imepungua. Naye hakuanzia hapo. Alianza kijana wa kufuta masizi, miaka kwa miaka, mpaka mkono ukakijua kila kizibo na kila kikombe cha mafuta kabla hajaruhusiwa kugusa moto.

Sitamani moshi urudi. Macho yaliungua, migongo ilipinda, na watu walikufa. Ila mashine zetu za leo zimesanifiwa zisimhitaji mtu hodari. Kipande kikigoma kinavuliwa kizima kizima na kutupwa, na aliyekivua haulizwi kilikuwa kinafanya nini.

Huku kwetu mvuke ulifika ukiwa umekomaa. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 iligusa Ziwa Viktoria mwaka 1901, na kwa miaka mingi injini zake zilikula kuni. Baadaye zikaja za mafuta, na kilele chake ni zile injini 34 za aina ya Garratt zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kwa muda mrefu Mwafrika aliachiwa sepetu na kitambaa cha kufutia, na mkono wa mvuke ukashikwa na Mzungu au Mhindi. Alipokuja kuushika yeye, mvuke wenyewe ulikuwa umebakiza miaka michache. Injini kadhaa zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli jijini Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1971, na ninawashukuru waliozinusuru na tanuri la chuma chakavu.

Lakini chuma ni nusu. Waingereza wapenda injini walipoamua kuunda upya injini kubwa ya abiria, Tornado, iliyokamilika mwaka 2008, boila yake ilibidi wakaiagize Meiningen, Ujerumani. Nchi ya Stephenson ilikuwa imebaki na michoro, makumbusho na vitabu visivyohesabika, na haikuwa na karakana ya kuifanya kazi hiyo.

Hapa petu wangali hai wazee waliozipandisha Garratt kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, na waliovuka Timboroa, zaidi ya futi 9,000 juu ya bahari, wakiwa na abiria waliolala nyuma yao. Tukienda kupiga picha na injini pale Nairobi, mzee kama huyo huenda anaishi mitaa miwili kutoka hapo. Nani amewahi kumuuliza alikuwa akiufunga mvuke kwenye kona ipi?