Uganga Si Uchawi: Istilahi za Michezo ya Mezani

Mfasiri anayehamisha kanuni za nguvu za ajabu kutoka mchezo mmoja wa mezani wa kuigiza wahusika hadi mwingine hukimbilia neno "uchawi". Hilo ni kosa. Katika Dungeons & Dragons (1974), mhusika hujifunza maneno ya nguvu kitabuni, na akishayatamka humtoka akilini; katika RuneQuest (1978), hupunguza nguvu za nafsi yake, nazo hurejea baadaye. Chanzo na gharama ni mbalimbali.

Kuna na makusudi. Qwaslarmo wa Wairaqw wilayani Karatu na oloiboni wa Wamasai kule Ngorongoro hurithi uwezo katika ukoo, wakaagua. Kiswahili huwaita waganga. Kuwaita wachawi ni kuwashtaki, maana uchawi ni kosa katika sheria iliyotungwa mwaka 1928.

Yafaa basi "nguvu za ajabu" iwe dhana kuu, na "uganga" na "uchawi" ziwe matawi yake. Kisha kila kanuni itaje chanzo, gharama na makusudi. Tusimfundishe mtoto wa Karatu, hata mchezoni, kwamba babu yake mganga ni mchawi.