Heko, Wauguzi wa Mirembe

Mjini Dodoma, jina la hospitali ya Mirembe hutumika kutania watu. Mimi nalitaja kwa heshima. Tangu mwaka 1927 hospitali hiyo imewapokea wagonjwa wa akili kutoka kila pembe ya nchi, wakiwemo ambao ndugu zao walishakata tamaa.

Ubora wa huduma hauanzii kwenye dawa. Huanza pale muuguzi kijana anapochuchumaa mbele ya mgonjwa ambaye mtaani aliitwa chizi, akamwamkia: “Shikamoo, mzee. Umelalaje?” Kisha humshikia kikombe cha maji, akasubiri bila haraka hadi kidonge kishuke. Shikamoo hiyo humrudishia mtu utu wake.

Hombolo, nje ya mji, kipo kijiji cha utengamao kilicho chini ya hospitali hiyo. Huko aliyepata nafuu hushika tena jembe, akajizoeza maisha ya nyumbani kabla ya kurejea kwao. Jembe nalo ni tiba.

Wauguzi wetu, kazi yenu ni nzito na shukrani ni haba. Hongereni sana. Nasi jamaa tuwaunge mkono: tuwatembelee wagonjwa wetu, na wakipona tuwafungulie mlango.